Nyumba ya Mamboleo na Tarehe 5 Aprili

Simu iliingia saa nne na nusu usiku, wiki ya pili ya Oktoba 2025. Alikuwa anatoka zamu, na nyuma ya sauti yake nilisikia milango ya basi ikifunguka na kufungwa. "Kaka, nyumba imepata mtu. Anatoa milioni 12.8, pesa mkononi, lakini tumalize kabla ya Aprili. Ikipita Aprili, Waingereza watatula."

Huyu dada ni nesi, na mimi ndiye ninayemfanyia hesabu za ushuru. Alifanya kazi Kisumu miaka mingi, akaondoka katikati ya Agosti 2022 pamoja na mumewe na watoto wawili, na sasa yuko hospitali moja kusini mwa Uingereza. Amenikubalia nieleze kisa chake mradi asitambulike.

Nyumba ina vyumba vitatu vya kulala. Iko Mamboleo, ukitoka Kondele kuelekea Kakamega, kwenye ploti ya futi hamsini kwa mia. Ploti ilinunuliwa Machi 2013 kwa shilingi 1,200,000, na hati miliki ikaandikwa jina lake peke yake. Walijenga polepole kwa mkopo wa sacco, wakahamia Januari 2015 madirisha ya nyuma yakiwa bado yamezibwa kwa mbao. Waliishi humo hadi siku ya safari. Tangu Septemba 2022 kuna mpangaji anayelipa kodi ya 35,000 kwa mwezi.

Kulikuwa na mnunuzi wa pili: walimu wawili, mke na mume, waliotaka kulipa milioni 14.5 kwa mkopo wa benki. Tofauti ya milioni 1.7 si ndogo. Lakini mkopo wa benki juu ya ardhi hauna haraka. Kuna mpimaji wa thamani, barua ya ofa, upekuzi kwenye masjala ya ardhi, cheti cha reti (ada za ardhi za kaunti), hati ya dhamana, na kila karatasi ina meza yake na foleni yake. Shemeji yake, anayeiangalia nyumba, aliona miezi itapita na Aprili itawakuta. Alitaka wachukue za mkononi.

Hofu yao ya Aprili ilitoka kwenye kikundi cha WhatsApp cha manesi walio Uingereza. Mtu alikuwa ameandika kwamba mgeni ana miaka minne tu ya kuuza mali ya nyumbani bila kutozwa ushuru kule. Kwa dada huyu mwaka wa nne ungeisha tarehe 5 Aprili 2026. Taarifa hiyo ni ya kweli. Kilichokosekana ni hesabu, na kwa kukosa hesabu walikuwa tayari kuiuza nyumba kwa bei ya chini.

Tuanze na Kenya

Shemeji alishikilia kwamba nyumba ya kuishi haitozwi ushuru wa faida ya mtaji, yaani ushuru wa faida unayopata ukiuza mali. Nimelisikia hili mara nyingi ofisini, na halikutoka hewani. Jedwali la Nane la Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, linasamehe makazi ya mtu binafsi ikiwa mwenye nyumba ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu inayotangulia uhamisho moja kwa moja. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyomponyoka. Dada yetu aliishi Mamboleo zaidi ya miaka saba. Lakini miaka mitatu iliyo karibu na mauzo, aliyelala humo ni mpangaji. Msamaha umekwisha, na hakuna sehemu inayobaki kwa heshima ya miaka ile saba. Angeiuza wiki moja kabla ya kupanda ndege, ushuru ungekuwa sifuri. Nilipomwambia hivyo alinyamaza kwa muda. Nilimwelewa, kwa sababu mtu anayehama hafikirii kuuza. Anafikiria kurudi.

Kuna uchungu mwingine juu ya huo. Ushuru huu ulisimamishwa mwaka 1985, ukarudishwa tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5. Tangu tarehe 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Aliondoka miezi minne kabla ya kiwango kuongezwa mara tatu.

Mumewe alikuwa na hoja yake: "Sisi si wakazi wa Kenya tena, kwa nini tulipe?" Kwa mali iliyoko Kenya, ukazi hauna uzito wowote. Faida ya kuuza ardhi au nyumba iliyo Kenya inatozwa asilimia 15, mwenyewe awe Kisumu, London au Doha. Na hata hilo la kutokuwa mkazi si rahisi kama alivyodhani. Sheria yetu humhesabu mtu kuwa mkazi akiwa na makao ya kudumu Kenya na akaingia nchini kwa muda wowote ule katika mwaka, hata wiki moja. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa kwa siku: 183 katika mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka katika mwaka huo na miwili iliyotangulia. Familia hii ina nyumba ya matofali Bondo, kwenye boma la mume, yenye vitanda na vyombo, ufunguo uko kwa mama, na kila Desemba wanafikia hapo. Kwa maoni yangu hayo ni makao ya kudumu, na mtu wa Bondo asingebishana nami. Kwa hiyo dada huyu ni mkazi wa Kenya kwa sheria ya Kenya na mkazi wa Uingereza kwa sheria ya Uingereza, kwa wakati mmoja. Likizuka swali la nchi ipi impe nafasi mwenzake, mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili, ambao Kenya na Uingereza zilitia saini mwaka 1973, ndio unaoamua. Kazi iko kule, watoto wanasoma kule, kwa hiyo uzito unaangukia kule. Lakini mkataba huo huo unaiachia nchi yenye ardhi haki ya kutoza faida ya ardhi. Mamboleo haihami.

Daftari la kurasa 96

Hesabu ya Kenya ni bei ya kuuza, ukitoa gharama za kuuza, ukitoa ulichotumia kununua na kujenga. Mfumuko wa bei haukatwi. Kwa hiyo kila shilingi ya ujenzi unayoweza kuithibitisha inakuokolea senti 15, na usiyoweza kuithibitisha inahesabiwa faida, hata kama saruji yake unaigusa ukutani.

Alisema nyumba ilimla milioni 5.2. Risiti zilizokuwa kwenye faili zilifika milioni 3.9: mabati, nondo, vigae, fundi umeme, ramani iliyoidhinishwa. Pengo la milioni 1.3 lilikuwa mchanga, kokoto, maji na mikono ya watu, vitu ambavyo Kisumu hulipiwa taslimu Jumamosi jioni na kila mtu akaenda zake.

Nilimwomba shemeji atafute chochote kilichoandikwa. Aliniletea daftari la shule la kurasa 96, jalada la samawati, kona zimeliwa na mchwa, na katikati kurasa mbili zimeshikana kwa simiti iliyokauka. Dada yetu alikuwa akiandika mwenyewe kila wiki. Nanukuu ukurasa mmoja: "Jumamosi 14/9/2013. Fundi wawili siku sita, 9,600. Vibarua watatu siku sita, 7,200. Maji 1,500. Chai na mandazi 600." Jumla ni 18,900. Kwenye stetimenti ya benki ya mwezi huo kuna 19,000 zilizotolewa tarehe hiyo hiyo. Nilipolinganisha wiki ya pili na ya tatu na zikakubaliana, nilijua tuna ushahidi.

Tulikaa siku mbili, mimi na kijana wa ofisi, tukilinganisha daftari na stetimenti mstari kwa mstari. Fundi mkuu alipatikana Kondele, sasa mvi zimejaa, akala kiapo mbele ya wakili kuhusu miezi aliyofanya kazi na malipo aliyopokea. Tulifikisha 900,000 zaidi. Zilizobaki, 400,000, hazikuwa na alama yoyote. Tuliziacha, ingawa naamini kabisa zilitumika. Siweki kwenye hesabu kitu nisichoweza kukitetea nikiitwa.

Hesabu ikasimama hivi. Bei 14,500,000. Toa dalali 435,000, wakili 150,000 na mpimaji 40,000, zinabaki 13,875,000. Toa ploti pamoja na ushuru wa stempu na wakili wa wakati ule, 1,280,000. Toa ujenzi 4,800,000. Faida ni 7,795,000, na asilimia 15 yake ni shilingi 1,169,250. Daftari lile peke yake lilipunguza ushuru kwa 135,000.

Hapa niseme jambo kuhusu yule mnunuzi wa pesa mkononi. Alikuwa na ombi: mkataba uandike milioni 8, nyingine zipite kando. Watu wengi huku hulichukulia kama kawaida, na shemeji naye aliliona kama zawadi. Nilikataa kuligusa. Ni uwongo kwa serikali, na anayetia saini ni dada, si dalali. Isitoshe, pesa hizi zilikuwa zinaelekea benki ya Uingereza, ambako ataulizwa zimetoka wapi. Atatoa mkataba wa milioni 8 kueleza milioni 12.8?

Sasa Uingereza

Mkazi wa Uingereza hutozwa kwa faida ya mali yake popote duniani. Ukazi kule unapimwa kwa jaribio la kisheria lililoanza tarehe 6 Aprili 2013, na ukifikisha siku 183 ndani ya mwaka wao wa ushuru, unaoanza tarehe 6 Aprili na kuisha tarehe 5 Aprili, hakuna mjadala. Tangu Agosti 2022 hadi tarehe 5 Aprili 2023 alikuwa na zaidi ya siku 230. Kwa hiyo mwaka wa 2022/23 ndio wa kwanza, na 2025/26 ndio wa nne. Kikundi cha WhatsApp kilihesabu sawa.

Nafuu yenyewe ilianza tarehe 6 Aprili 2025, mfumo wa zamani wa kutoza pesa za nje zinapoingizwa ulipofutwa. Aliyehamia Uingereza baada ya kuishi nje angalau miaka kumi mfululizo anaweza, katika miaka yake minne ya kwanza, kuomba mapato na faida zake za nje zisitozwe, na pesa aziingize bila shida. Ukisikia hivyo unasema, nani atakataa?

Lakini anayeomba nafuu hiyo anapoteza, kwa mwaka huo, kiwango cha mshahara kisichotozwa, yaani pauni 12,570, na pia msamaha wa mwaka wa faida ya mtaji, pauni 3,000. Mshahara wa dada yetu ni kama pauni 36,000. Akipoteza 12,570 zisizotozwa, analipa asilimia 20 juu yake: pauni 2,514. Kwa shilingi 170 kwa pauni, ni zaidi ya shilingi 427,000 kutoka kwenye mshahara wa nesi, ili tu apate kile walichokuwa wakikiita bure.

Swali la haki basi ni hili: bila nafuu hiyo, Uingereza ingemtoza ngapi? Hapo ndipo hakuna mtu kwenye kile kikundi aliyekuwa amefika.

Kwanza, Uingereza huhesabu faida kwa pauni, na kila gharama hubadilishwa kwa kiwango cha siku ilipotokea. Mwaka 2013 pauni ilikuwa karibu shilingi 130, na kwa kipindi cha ujenzi nimechukua wastani wa 140. Ploti inakuwa pauni 9,846 na ujenzi 34,286. Mauzo, kwa 170, ni pauni 81,618. Faida ni pauni 37,486. Ukikosea ukagawanya tu faida ya shilingi kwa 170 unapata 45,853. Shilingi ilivyodhoofika imemla mara nyingi akituma na kupokea, lakini hapa imempunguzia faida kwa zaidi ya pauni 8,000.

Pili, Uingereza nayo inasamehe nyumba ya kuishi, na inasamehe kwa uwiano. Miaka uliyoishi humo inahesabiwa, hata kama hukuwa humo mwishoni. Huu ndio utofauti mkubwa na sheria yetu, na ungenipa nafasi ya kubadilisha kifungu kimoja cha Jedwali la Nane, ningebadilisha hicho. Muda wa kujenga unaingia pia, mradi umehamia ndani ya miezi 24 tangu ununue. Yeye alihamia baada ya miezi 22. Mwaka wa safari nao umeingia, kwa sababu toka tarehe 6 Aprili hadi katikati ya Agosti 2022 alilala Mamboleo zaidi ya siku 130, na kwa nyumba iliyo nje ya nchi unayokaa wanataka siku 90. Juu ya hapo wanaongeza miezi tisa ya mwisho ya umiliki, uwe ulikuwepo au hukuwepo. Tangu Machi 2013 hadi Novemba 2025 ni miezi 152. Iliyosamehewa ni 113 na 9, jumla 122. Inabaki 30.

Sehemu ya 30 kwa 152 ya faida ni pauni 7,399. Toa msamaha wa mwaka wa 3,000, inabaki 4,399. Kwa mshahara wake kiwango ni asilimia 18, kwa hiyo ushuru ni pauni 792.

Tatu, kuna ule ushuru wa Kenya: shilingi 1,169,250 ni pauni 6,878. Hata ukichukua tu sehemu inayolingana na ile miezi 30, ni pauni 1,357, na hizo zinazidi 792. Uingereza inaukubali kama ushuru uliokwisha kulipwa juu ya faida ile ile. Deni linafutika lote.

Kwa hiyo njia ya kawaida, sifuri. Njia ya nafuu, pauni 2,514. Nafuu ingefunika pia kodi ya mpangaji ya mwaka huo, lakini hiyo ni kitu cha pauni mia na kitu tu. Nilipomsomea alisema, "Rudia, kaka." Nilirudia. Kisha akaniuliza tarehe 5 Aprili ina maana gani kwake sasa. Nikamwambia haina.

Na hata ingekuwa nayo, woga wa shemeji kuhusu benki ya walimu ulikuwa juu ya siku isiyo sahihi. Uingereza huchukua siku ya kutia saini mkataba usio na masharti kuwa siku ya kuuza. Siku ya pesa kuingia haihusiki. Mkataba wa walimu ulitiwa saini katikati ya Novemba, barua ya ofa ya benki ikiwa mkononi. Pesa zote ziliingia Februari, ushuru wa Kenya ukalipwa kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya ushuru ya Kenya, na uhamisho ukasajiliwa.

Naomba msomaji asiinue hesabu hii na kuiweka kwenye nyumba yake. Mtu ambaye hakuwahi kuishi katika nyumba anayoiuza, kwa mfano aliyejenga ploti za kupangisha Nakuru, hana ile miezi 122, na huenda nafuu ya miaka minne ikamfaa sana. Aliye Marekani hana mkataba na Kenya wa kuegemea. Na aliyerudi kuishi Kisumu akauza nyumba aliyoiacha Leicester yuko upande wa pili wa kioo: Kenya inatoza faida ya mali iliyoko Kenya pekee, kwa hiyo haimtozi. Uingereza ndiyo inayomtoza tangu Aprili 2015 hata kama si mkazi, na anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 60 baada ya kukamilisha mauzo, hata kama hana cha kulipa. Siku hizo 60 hazimhusu nesi wetu, kwa sababu nyumba yake haiko kule.

Kilichonipa wasiwasi zaidi kilikuwa kodi ya mpangaji. Huku alikuwa sawa: shemeji alilipa ushuru wa mapato ya nyumba kila mwezi, asilimia 10 hadi mwisho wa 2023 na 7.5 baada ya hapo. Kule hakuwahi kuitaja hata mara moja. Hakuficha kwa makusudi, ila hakujua kwamba 35,000 za Mamboleo zinawahusu. Zikibadilishwa zinapita pauni 1,000 kwa mwaka, na kwa hiyo zilipaswa kutajwa. Baada ya kutoa kilicholipwa Kenya, deni la miaka yote ni mia chache za pauni pamoja na riba. Nilimshauri ajieleze mwenyewe kwa HMRC, mamlaka ya ushuru ya kule, kabla hajaulizwa, maana adhabu ya anayejisema ni nyepesi kuliko ya anayeandikiwa barua. Hilo limeanza.

Kuuza kwenyewe nako lazima kutajwe, hata kama jibu ni sifuri, kwa sababu sifuri hiyo imetokana na ushuru wa Kenya na lazima aidai. Ajisajili kabla ya tarehe 5 Oktoba 2026, awasilishe fomu kufikia tarehe 31 Januari 2027. Ameziandika tarehe hizo kwenye mlango wa friji.

Shemeji alikuja wiki iliyopita kuchukua daftari. Nimemwomba aniachie. Nimelifunga kwenye bahasha ya kaki pamoja na kiapo cha fundi na stetimenti za 2013, kwa sababu kurasa zile zile zitasomwa tena Januari, safari hii kwa pauni.